Mpira Unaojikunja na Bega la Kondo

Mfukoni mwa Kondo mlikuwa na kamba ya katani yenye mafundo thelathini na mawili, fundo moja kwa kila mita, na kamba hiyo ilikuwa haijawahi kumwongopea. Aliifunga mwenyewe mwaka ule alioanza kazi, akaipimia kwenye utepe wa fundi cherehani, na kila alipotaka kujua umbali bustanini aliitandaza chini akahesabu. Kutoka bomba la ukuta wa jikoni mpaka waridi la mwisho penye uzio ni mafundo thelathini na mawili, basi, hakuna mjadala. Lakini asubuhi ile, ndani ya duka la vifaa la Bi Zainabu pale Morogoro mjini, aliing'ang'ania kamba hiyo mfukoni kwa mkono wa kushoto kama mtu anayemziba mtoto mdomo asije akaropoka mbele za wageni.

Hebu ngojeni nieleze vizuri. Mambo haya mtu akiyasikia juu juu atasema Kondo alikuwa mjinga, na mimi sikubali aitwe mjinga.

Kondo alikuwa mtunza bustani wa nyumba ya wageni ya kiwanda cha vifungo. Miaka ishirini na mitatu alikuwa hapo, tangu kiwanda kikiwa cha serikali, wakubwa wakija kutoka Dar wanalala kitanda chenye chandarua na kupigwa picha mbele ya mawaridi. Mwaka huu wa tisini na sita hayo yote yalikuwa yameshapita. Vifungo sasa vilikuja kutoka nje kwa magunia, wachuuzi wanavipima sokoni kwa kijiko, na mashine za kiwanda zilikuwa zimenyamaza. Aliyenunua kiwanda hakuwa na haja na vifungo hata kimoja. Macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya wageni, aigeuze hoteli, maana imekaa mahali pazuri, mlima Uluguru unaonekana ukiwa kitandani.

Akamleta mtu wake, Bwana Dennis, Mzungu aliyekulia Nairobi, Kiswahili anakijua cha kuagizia kazi. Siku ya pili tu Bwana Dennis aliwakusanya wafanyakazi uani. Walikuwa kumi na mmoja. Akawaambia mwisho wa mwezi watabaki wanne, na atakayebaki ni mtu mzima wa mwili, anayeimudu kazi yake peke yake bila msaidizi.

"Mtunza bustani nitabaki naye," alisema, akimtazama Kondo. "Kama anaweza."

Kama anaweza! Kondo aliuingiza mkono wa kulia mfukoni.

Kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limekufa. Miaka miwili nyuma alianguka kutoka kwenye ngazi akipogoa ule mjakaranda wa getini. Bega likavimba, likakandwa, likapona vibaya, na tangu siku hiyo mkono wake haukupanda kupita kifua. Kupalilia aliweza, anapiga magoti anapalilia. Mkasi wa majani aliufundisha mkono wa kushoto. Kitu kimoja tu kilimshinda kabisa, nacho ni kuukunja mpira wa maji. Mpira wenyewe ulikuwa mrefu, mzito kama nyama mbichi, unataka mikono miwili, pete juu ya pete, halafu uinuliwe kichwani ukatundikwe kwenye chuma cha ukutani.

Kazi hiyo ilifanywa na mkewe Zuhura. Kila alfajiri, Kondo akishamaliza kumwagilia, Zuhura alitoka kwenye chumba chao cha uani na khanga mabegani, akaukunja mpira, akautundika, akarudi kuwasha moto wa chai. Miaka miwili nzima, na hakuna aliyejua. Mpishi hakujua, mlinzi hakujua, hata karani wa ofisi, Sharifa, ambaye hapitwi na jambo, hilo lilimpita.

Sasa mtu atauliza, kwani kazi ikiisha si arudi kwao? Arudi wapi? Kwao ni Kinole, juu mlimani, na kule ardhi ni ya ukoo wa mama. Watoto wa dada zake walikuwa wameshalima mpaka kwenye kizingiti, na mtu aliyeondoka miaka ishirini na mitatu hawezi kurudi na bega moja akasema sogeeni nami nipite. Zuhura alikuwa mtu wa Kisaki, wazazi wake walishazikwa zamani. Chumba kile cha uani ndicho kilikuwa kwao, na chumba kile kilikuwa cha kazi. Kazi ikienda, mlango nao umekwenda.

Basi Bwana Dennis alipohamia nyumba ya wageni, mambo yakaharibika. Kwanza aliamka mapema kuliko jogoo. Pili alitoa amri kwamba asiye mfanyakazi asionekane bustanini, iwe mke, iwe mtoto, iwe shangazi wa nani. Zuhura akafungiwa upande wa uani. Kwa siku tisa Kondo aliukokota mpira kwa mkono mmoja na mguu, akiusukumiza nyuma ya michongoma usionekane, na siku ya kumi Bwana Dennis akajikwaa juu yake akaanguka na kikombe cha kahawa mkononi.

Hakufoka, na hilo ndilo lililomtisha Kondo zaidi. Alijipangusa magoti, akasema, "Nenda mjini na dereva. Chagua kitu cha kukunjia huu mpira. Wewe ndiye unayeijua kazi."

Kondo alipofika getini, mlinzi alikuwa anamngoja. Huyu mlinzi aliitwa Kibwana, rika lake, Mluguru mwenzake, na ukoo wake na ukoo wa Kondo ni watani tangu enzi za mababu. Na utani wa Waluguru si mchezo wa watoto. Mama yake Kondo alipofariki, Kibwana alishuka kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo, na waombolezaji wakacheka machozi yakiwatoka. Mtani anakutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Unachotakiwa ni kurudishia, na ukirudishia vizuri watu wanapiga makofi. Hivyo ndivyo walivyosalimiana watu hawa wawili, kila asubuhi.

"We maiti," Kibwana alisema akifungua geti, "nani kakufukua saa hizi?"

"Nimekuja kukuchukua wewe," Kondo alijibu. "Huko chini wamekosa mtu wa kufagia."

Kibwana akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kondo naye akacheka, ingawa moyoni mlikuwa mnawaka.

Sasa turudi dukani. Bi Zainabu zamani alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, enzi zile watu wanapanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni na wanaondoka na kipande cha maneno. Siku hizi alikuwa na duka lake mwenyewe, limejaa mpaka darini, mabomba, makufuli, rangi, vitasa, na vitu vingine ambavyo hata yeye alikuwa hajajua kazi yake. Alimwekea Kondo mezani vitu viwili.

Cha kwanza kilikuwa gurudumu kubwa la chuma lenye mpini, mpira wake mita thelathini na tano. Kondo aliposikia thelathini na tano, mkono wake ulilegea mfukoni. Mita thelathini na tano zinafika! Waridi la mwisho linapata maji na mita tatu zinabaki za kuchezea.

"Jaribu," Bi Zainabu alisema. "Mkono mmoja unazungusha mpini, mwingine unaupanga mpira. Usipoupanga unarundikana upande mmoja, unakwama."

Kondo aliushika mpini kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliunyoosha kuupokea mpira, na mpira ulipokuja juu bega likamng'ata mpaka akaona nyota. Akauachia. Mpira ukajirundika upande mmoja, ukakwama, kama alivyoambiwa.

Cha pili kilikuwa kasha la plastiki, kijani, mfano wa redio kubwa ya mkulima, na kutoka kwenye tundu lake kilichungulia kichwa cha mpira.

"Huu unajikunja wenyewe, baba. Ndani kuna springi. Tazama." Bi Zainabu aliuvuta mpira, na kasha likasema *ta-ta-ta-ta*. "Ukifika unapotaka, unasikia *ta*, unaulegeza, unajishika hapo hapo. Ukitaka urudi, uvute kidogo tena, halafu uufuate. Nimesema uufuate! Usiuachie hivi hivi, ukirudi mbio utakutoa meno. Na kwanza funga bomba, toa maji yote. Ukiukunja umeshiba maji, springi inachoka. Usiuache juani. Na uutundike kwenye ukuta wa tofali, skrubu ziume kweli, si kwenye plasta."

Kondo aliuvuta kwa kushoto, ukavutika. Akautikisa kidogo, ukarudi kwa upole ndani ya nyumba yake bila kumwomba mkono wa pili. Angeweza kupiga magoti pale pale dukani akakibusu kile kiplastiki.

"Una urefu gani?" aliuliza.

"Ishirini. Mrefu zaidi sijaletewa. Bustani yako ni mita ngapi?"

Kamba mfukoni iliijua bustani fundo kwa fundo. Kondo aliibana mpaka kucha zikamwingia kiganjani.

"Haifiki ishirini," alisema. "Ni kumi na tisa hivi."

"Umepima?"

"Nimepima, mama."

Bi Zainabu alimtazama usoni, halafu akautazama ule mkono wa kulia uliokaa tuli. "Huo mkono una nini, baba?"

"Nimeulalia tu."

Dereva akatia saini, kasha likapakiwa, na Kondo akakaa nalo mapajani njia nzima, amelikumbatia. Alikuwa amechagua kitu kinachofaa bega badala ya kitu kinachofaa bustani. Alilijua hilo tangu dukani, alilijua garini, na alilijua fundi alipokuwa anatoboa ukuta wa jikoni na kulifunga kasha usawa wa kifua. Lakini niambieni nyie, mngechagua nini?

Asubuhi ya kwanza aliuvuta mpira akiwa peke yake, jua halijatoka. *Ta-ta-ta-ta.* Akamwagilia ukoka, akamwagilia maua ya barazani, akamwagilia mipapai. Akafunga bomba, akatoa maji, akautikisa, akaufuata taratibu, na mpira ukaingia wote, ukabaki mdomo tu nje. Kazi iliyokuwa inamhitaji mke ilikwisha kabla ya sigara moja. Kondo aliegemea ukuta wa jikoni akalia, mtu mzima yule, akijifuta kwa kofia. Dirishani kwao Zuhura alikuwa anamwangalia, naye akainua kidole gumba.

Furaha hiyo ilidumu mpaka saa moja na nusu, jua lilipoyafikia mawaridi.

Mawaridi yalikuwa mstari mmoja mrefu, kutoka kati ya bustani mpaka uzioni, na mpira uliishia pale mstari unapoanzia. Akibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji yaliruka mita nne, tuseme tano upepo ukikubali. Zilizobaki zilikuwa kavu. Na ilikuwa Septemba, jamani. Septemba ya Morogoro mnaijua, mlima umefunikwa na moshi wa mashamba yanayochomwa, upepo unashuka mkavu, udongo unapasuka kama kisigino.

Alibeba maji kwa keni ya kumwagilia, mkono wa kushoto, safari ishirini na tano. Siku ya pili Bwana Dennis akamwona kutoka dirishani.

"Kondo! Kwa nini unabeba maji na mpira upo?"

"Haya maua ya mwisho hayapendi presha, bosi," Kondo alisema. Uongo wa tatu huo, na uongo ukishaanza haukosi ndugu zake.

Baada ya hapo alibeba maji pale tu Bwana Dennis alipoingia bafuni. Bwana Dennis alioga kwa dakika saba. Dakika saba ni keni nne, na mawaridi yalikuwa arobaini.

Alijaribu kuunga. Alikata kipande cha mpira wa zamani, akakichomeka kwenye ule mpya, akakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akivuta ncha moja kwa meno. Maji yalifika! Mpaka waridi la mwisho yalifika, na Kondo akasema alhamdulillahi kwa sauti. Lakini wakati wa kukunja, kile kiungo kilipofika kwenye tundu la kasha kilikwama, kasha likanguruma, springi ikavuta, mpira ukavimba na kujipinda kama nyoka aliyemeza chura. Kukifungua kiungo kulihitaji mikono miwili. Alikifungua kwa meno, fizi zikitoka damu, na sikio akilitega upande wa bafuni.

"Mwambie ukweli," Zuhura alisema jioni hiyo, akimkanda bega kwa mafuta ya nazi. "Mwambie, bosi, niliumia nikiwa kazini, huu mkono ni wa kiwanda."

"Nikamwambie mimi ni nusu mtu? Amesema mtu mzima wa mwili, Zuhura. Hukumsikia? Amesema mzima!"

"Basi tumwambie Kibwana. Yeye yuko macho wakati wote, mikono yake miwili, atakusaidia kubeba hizo keni kabla huyo mtu hajaamka."

"Kibwana!" Kondo alicheka kicheko kibaya. "Mtani wangu? Ukimpa Kibwana neno kama hilo, keshokutwa linachezwa ngoma mpaka Kingolwira. Usithubutu."

Zuhura aliendelea kukanda, na baada ya muda Kondo akasikia tone la moto limemdondokea mgongoni, akajua si mafuta.

Kufika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mawaridi kumi na manne yalikuwa yameinamisha vichwa, majani yao yakivunjika kama karatasi. Kondo alikuwa hajala tangu Jumatano. Alivaa shati lake la Idi, akapiga pasi na suruali ya kazi, akasimama kando ya kasha la kijani kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Bwana Dennis alikuja saa tatu, Sharifa nyuma yake na daftari la majina. Mpishi alisimama mlangoni kwake. Kibwana aliliacha geti akasogea, maana jina lake lilikuwa limeshasomwa, alikuwa miongoni mwa wanne, na furaha ilikuwa inamtembea mwilini.

"Nionyeshe," Bwana Dennis alisema.

Kondo alifungua bomba, akauvuta mpira. *Ta-ta-ta-ta.* Alitembea nao mpaka mwisho, maji yakamwagika juu ya ukoka laini kama mvua ya Aprili. Mkono wa kulia aliuingiza mfukoni, kama mtu anayejiamini. Bwana Dennis alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi. Na haya maua makavu?"

Hapo roho ya Kondo ilikuwa mkononi. "Nilipima vibaya, bosi," alisema. "Mpira ni mfupi kwa mita kumi na mbili. Kosa ni langu."

Ajabu ya Mungu, Bwana Dennis akacheka. "Mtu anayesema kosa ni langu! Huyu ni wa kwanza nchi nzima. Tutaweka bomba la pili kule uzioni, Kondo, na kasha lingine. Ni jambo la siku moja." Akamgeukia Sharifa. "Andika. Bustani, Kondo."

Bomba la pili! Jambo la siku moja! Wiki tatu alikuwa anakufa kwa jambo la siku moja. Kondo aliona kalamu ya Sharifa inashuka kwenye karatasi. Alimwona Zuhura dirishani amejifunika mdomo kwa khanga.

Na Kibwana, kwa mapenzi, nawaapia ilikuwa kwa mapenzi tu, kwa furaha ya kuona rafiki yake naye amepona, akafanya lile ambalo mtani hufanya mwenzake anapopata heri. Akajitupa mbele ya watu, mikono kiunoni.

"Bwana mkubwa, umetapeliwa!" alipiga kelele. "Unamwandika huyu? Huyu maiti! Huo mkono wa kulia ulikufa zamani, tulishauzika Kinole, pilau tukala! Unadhani mpira alikuwa anakunja yeye? Alikuwa anakunja mke wake!"

Mpishi aliangua kicheko. Sharifa alicheka mpaka akaegemea nguzo, kalamu juu. Hata dereva aliyekuwa anaosha gari alicheka. Ulikuwa utani mzuri, mtamu, wa kiwango chake. Na jibu lake lilikuwepo. Siku nyingine yoyote Kondo angesema, "Na wewe mkeo ndiye anayelinda geti, wewe unakoroma," na mambo yangeishia hapo, watu wangepiga makofi, kalamu ingeandika.

Lakini Kondo hakucheka. Alimkazia macho Kibwana, akauliza kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia:

"Nani kakwambia?"

Kicheko kilikatika. Mpishi aliinamisha kichwa. Bwana Dennis, ambaye hakuwa ameelewa kitu katika ile kelele ya kwanza, aliuelewa vizuri sana ule ukimya.

"Kondo," alisema. "Inua mkono."

Kondo aliinua wa kushoto, na mdomo wa mpira uko humo humo mkononi.

"Ule mwingine."

"Bosi, huu ni utani," Sharifa alidakia. "Hawa ni watani, ndivyo walivyo. Kila siku—"

"Uongo mtupu, bosi!" Kibwana alisema haraka, na sasa sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya mwanamke. "Mimi kazi yangu ni kusema uongo juu ya huyu! Mkono wake mzima! Tazama!"

Na kabla mtu hajamzuia, akaurukia ule mkono wa kulia, akauchomoa mfukoni, na huku akicheka, jamani, anacheka kwa nguvu ili ibaki kuwa mchezo, akauinua juu kwa mikono yake miwili.

Sauti aliyoitoa Kondo sitaki kuisimulia. Zuhura alitoka mbio uani, amri au hakuna amri. Mdomo wa mpira ulimponyoka Kondo, mpira ukastuka, ukakimbia peke yake juu ya majani ukirusha maji huku na huku, ukalipiga kasha *paa*, ukaingia. Hakuna aliyeufuata.

Bwana Dennis hakuwa mtu mkatili. Aliagiza Kondo aletewe kiti, aletewe maji, akasema atalipwa haki yake yote. Kisha akasema neno kwa Kiingereza, na Sharifa, machozi yakimdondokea daftarini, akachora mstari mmoja mfupi juu ya jina la Kondo.

Kibwana alibaki amesimama pale pale, mikono yake miwili mbele yake, anaitazama.

"Ungeniambia," alisema. "Kondo, ungeniambia. Mimi nilidhani nasema uongo."

Waliondoka siku ya nne yake, asubuhi. Walikuwa wanakwenda Kisaki, kwa binamu wa Zuhura ambaye hata sura yake Kondo haikumbuki, na lori la Kisaki lilikuwa linapakia sokoni. Zuhura alitangulia na kirago na sufuria. Kitanda alikibeba Kibwana kichwani mpaka barabarani, akarudi akabeba godoro, akarudi akabeba sanduku.

Kondo alikuja wa mwisho. Alikuwa ameifunga kamba yake ya katani akaiacha juu ya kasha la kijani, atakayekuja apimie. Mawaridi yote arobaini yalikuwa yamelowa. Kuna mtu alikuwa ameyabebea maji tangu alfajiri, nyayo zake za mabuti zilijaa kwenye tope kutoka jikoni mpaka uzioni, kwenda na kurudi, na Kondo aliyajua mabuti hayo.

Getini Kibwana alivua kofia.

"Habari za asubuhi, Mzee Kondo," alisema.

Kondo alisimama. Miaka ishirini na mitatu, na siku hiyo ndiyo ya kwanza. Alingoja kidogo, akidhani litafuata jingine.

"Mbona hunitukani?" aliuliza.

Kibwana alitazama chini.

"Kibwana. Niite maiti. Nina jibu lake, nimelala nalo."

Kibwana alifungua geti lote, mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa gari la mkubwa, akasimama kando na kofia kifuani. Kondo alingoja tena. Kule barabarani honi ya lori ilipiga mara mbili, na Zuhura akamwita.

"Nitukane basi, ndugu yangu," Kondo alisema. "Nitukane nipite."